Mbavu za Wifi

Kilichomkera fundi cherehani zaidi ni kwamba wifi yake alikuwa anaimba huku anafunga kamba za kiatu. Ameinama, kichwa chini, mgongo umekunjika, na ile noti ya juu ambayo wengine huipandia kwa jasho ikamtoka kama mtu anayepumua tu. Akamaliza kufunga kiatu, akanyanyuka, wala hakujua kwamba ukumbi mzima umenyamaza.

Fundi alijua. Alikuwa amekaa mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote, maana yeye ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa kwaya ile. Mwanzishaji ndiye anayefungua wimbo peke yake, wenzake kimya, kisha wote wanamfuata. Walimpa jina la Zumari, na jina lilimkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Sasa anakuja huyu mke wa kaka yake, dobi, aliyejiunga na kwaya kwa sababu eti nyumbani kumepooza.

Jioni ile alimweleza mumewe kwamba hiyo si sauti, ni mvuke. Mtu anayeshinda kutwa juu ya pasi ya mvuke, koo lake linalainishwa bure, hapo hata chura angeimba. Mume akamshauri naye achemshe maji ayainamie. Zumari akanuna mpaka chakula kikapoa.

Mwalimu wa kwaya, mzee mpole mwenye kipara, alikuwa na utaratibu wake. Kwanza wanatetemesha midomo kama watoto wanaojifanya wanaendesha magari. Kisha wanaimba mdomo umefungwa, chini chini, koo lipate moto bila kushtuliwa. Halafu anawapanga wawili wawili, kila mmoja aweke viganja kwenye mbavu za mwenzake asikie pumzi inaingilia wapi. Zumari alizoea kuchelewa makusudi ili hayo yote yapite, aliyaona ni mambo ya wanaoanza. Sauti yake yeye ilitoka shingoni kwa nguvu, mishipa imesimama, na miaka yote hiyo watu walimpigia makofi.

Siku moja akafika mapema, kwa bahati mbaya, akapangwa na wifi yake. Akaweka viganja. Mbavu zikafunguka pande zote mbili, polepole, na mabega hayakunyanyuka hata kidogo. Mwalimu alipoona akaita watu waje wamshike huyu wajifunze. Wakaja mmoja mmoja, wakamshika kama wanunuzi wanaopapasa kitambaa dukani.

Basi Zumari akaanza mazoezi ya siri kwenye karakana yake ya kushonea. Cherehani la umeme linaunguruma, yeye anaimba juu ya mngurumo. Hajisikii vizuri, anaongeza. Bado hajisikii, anaongeza tena. Kwa hiyo alikuwa anashindana na mashine, na mashine haina koo. Sauti ikaanza kukwaruza. Akawa anakohoa ili asafishe koo, akisafisha linajaa upya. Akanunua kopo la pipi kali za kifua, zile zinazotia ganzi. Ganzi ikishika hasikii maumivu, na kwa kuwa hasikii maumivu anaimba zaidi. Asubuhi moja akafungua mdomo kumjibu mteja, kikatoka upepo mtupu.

Daktari wa koo alimwingiza kamera akamwonyesha: vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti, kama sugu za kiganja, vimetokana na kusuguana. Ni vichanga, alisema, vitaondoka akinyamaza, akinywa maji na kuachana na pipi. Zumari akatoka pale akaanza kunong'ona. Alinong'ona na wateja, na majirani, mpaka kwenye simu. Aliporudi, daktari akatikisa kichwa. Kunong'ona kunalikaza koo, pengine kuliko kusema kawaida. Kunyamaza ni kunyamaza. Mumewe akawatangazia ndugu kuwa nyumba imepata likizo.

Mashindano ya kwaya yalikuwa yanakaribia, na mwalimu akampa wifi nafasi ya kuanzisha.

Hapo ndipo wivu ulipoteremka kutoka moyoni ukamwingia mikononi. Sare za kwaya alizishona yeye, na gauni la mwanzishaji lilikuwa la peke yake, limeshika mwili kuanzia kifuani hadi kiunoni. Alimpima wifi vizuri. Akachora chaki penye haki. Lakini alipokaa kwenye cherehani akapitisha uzi ndani ya mstari wa chaki, upana wa kidole, ubavu huu na ubavu ule. Hakuwa amekaa chini akapanga. Mguu ulikanyaga, mkono ukafuata, naye akajiambia kidole ni nini.

Wifi akalivaa, akacheka kwa aibu, akasema labda amenenepa.

Mwalimu alitaka wazoee sare, kwa hiyo mazoezi yote yakawa ya sare. Zumari aliketi nyuma, mdomo umefungwa, akizitazama zile mbavu zikigonga kitambaa na kurudi. Pumzi ilipokosa pa kwenda ikapanda mabegani. Kidevu kikanyanyuka. Mshipa ukasimama shingoni. Sauti ikawa kubwa, na mwalimu, ambaye mashindano yalikuwa yamemtia wasiwasi, akaridhika. Wenzake wakamsifu wakisema sasa anaimba kama Zumari mwenyewe.

Zumari akachekelea moyoni. Alikuwa amesikia ambacho wao hawakusikia. Kabla noti haijashika, kulitangulia upepo mdogo, kama kiberiti kinachokwaruzwa kikagoma kuwaka. Yake ilianza vivyo hivyo.

Wakati huo daktari alikwisha kumruhusu kuongea kidogo, kwa sauti ya kawaida, ila asiimbe. Hakumwambia mtu. Alijikalia ndani ya ukimya wake kama mwenye nyumba anayesikia hodi akanyamaza. Angesema nini, na nani alimtazamia aseme?

Mashindano yakiwa keshokutwa, wifi alikuja karakana akitokea mazoezini, gauni bado mwilini. Aliongea kwa kukwaruza. Alieleza kwamba anaamka koo limekauka, akiimba linamchoma, na mwalimu bado hajui.

"Nipe zile pipi zako, wifi," alisema. "Nikimung'unya mbili tatu nitavuka siku hiyo. Mengine yatajulikana baadaye."

Kopo lilikuwa juu ya meza, kati ya vifungo na mkasi. Zumari alikwisha kuyaona yote: wifi anaimba juu ya ganzi, sauti inakatika mbele ya majaji, mwalimu anarudi kwake kichwa chini kumbembeleza. Wala hakuhitaji kufanya kitu. Kopo lingesogezwa kwa kidole tu, na bubu nani angemlaumu.

"Usile," alisema.

Wifi akashtuka. "Kumbe unaongea?"

"Naongea. Vua gauni."

Wifi akavua, akajifunga kipande cha kitambaa. Zumari akaligeuza gauni ndani nje, akachukua wembe, akaanza kufumua ubavuni. Sasa wifi, ambaye kazi yake kutwa ni kugeuza nguo za watu, akainama kutazama. Akapitisha kidole juu ya chaki, kisha juu ya matundu ya sindano.

"Chaki ilipita huku," alisema taratibu. "Uzi ukapita huku."

"Ndiyo."

"Fundi kama wewe hakosei kidole kizima."

"Sikukosea."

Wifi alisimama akimtazama. Zumari aliendelea kufumua, akahamia ubavu wa pili.

"Mimi nilidhani ni mwili wangu," wifi alisema. "Nimekuwa nakula nusu sahani."

"Nakuonea wivu, wifi. Hata sasa hivi."

"Na kaka yako akijua?"

"Mwambie."

"Nitaona." Wifi akavuta kiti akakaa, akasimama tena. "Kwanza nataka gauni langu."

Zumari akamletea maji, akangoja ayanywe yote. Akamkataza kuimba leo na kesho, kunong'ona, na kukohoakohoa. Koo likiwasha ameze mate. Na aende kumwambia mwalimu ukweli. Keshokutwa atetemeshe midomo kwanza, na koo likikataa, basi asiimbe, majaji si daktari. Kisha akamzungushia futi ya kupimia chini ya kifua, akaishika ncha zote mbili kwa vidole, bila kukaza.

"Isukume," alisema. "Ipokonye mkononi mwangu."

Pumzi ya kwanza ilikimbilia mabegani. Zumari akayagusa mabega kwa kiwiko yakashuka. Akamwambia ateremshe kidevu, asiutafute ukumbi, wapo wawili tu humu. Pumzi ya pili ikaenda mbavuni, na futi ikaanza kumponyoka vidoleni kidogo kidogo. Wifi akaachia mlio mwepesi, mdomo umefungwa, wa kujaribu tu. Ulianza na ule upepo, ukakwaruza, halafu ukashika. Ukasimama chumbani bila kuegemea popote.

Kwa wivu alioupata pale, Zumari angeweza kulia. Yeye alikuwa amejua namna hii ni sahihi tangu siku ile ya kushika, na akaenda kupigana na cherehani. Hakumkatiza. Aliishikilia futi hadi pumzi ikaisha yenyewe, akaisoma pale ilipofikia ilipokuwa pana zaidi, akachora chaki mpya kwenye kitambaa.

Wifi akaanza kukusanya viatu vyake, akasema atalipitia gauni kesho.

"Usiondoke," Zumari alimwambia. Alikwisha kukaa kwenye cherehani, lakini mguu wake bado ulikuwa sakafuni, mbali na kikanyagio. "Simama hapa. Nitazame nikishona."