Koti la Bwana Mfuko

Kibaraza changu cha ushonaji hakikuwahi kukaa kitupu. Mwenye nguo ya kupunguza huja na jirani, jirani huja na umbea, umbea huvuta wengine, na mimi nakanyaga cherehani huku masikio yote mawili yako kazini. Ndiyo maana tulipoamua kuwahimiza watu wa mtaani wajiandikishe kupiga kura, hakuna aliyeuliza tukutane wapi.

Hatukulipwa wala hatukudai. Sababu tulikuwa nayo. Diwani alikuwa anaitaka safu yetu, mafundi nguo, mafundi viatu na wasusi, tung'oke wote pajengwe maegesho ya magari. Mara iliyopita alishinda kwa kura zisizojaza basi moja, na nusu ya mtaa wetu siku hiyo walikuwa wamelala. "Msipojiandikisha," nilikuwa nawaambia wateja huku futi iko viunoni mwao na hawana pa kukimbilia, "mtakuja kupimiwa nguo katikati ya barabara."

Lakini aliyewavuta watu hasa si mimi. Ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, fundi viatu mwenye kibanda hatua chache kutoka kwangu. Yule mtu kapewa ulimi. Alitunga igizo: mimi nacheza mama asiyejali kura, yeye anacheza tajiri anayezunguka kununua kadi za wapiga kura. Nikamshonea koti la vipande vilivyobaki, kila rangi ndani yake, mifuko mbele, mifuko nyuma, mifuko hadi mikononi. Akitokea tu, watoto wanapiga kelele, "Bwana Mfukooo!" Jina likamganda. Hata waliompelekea viatu kushonwa walimwita hivyo.

"Mama mzuri," ananiambia kwenye igizo, "hiki kikadi kinakusaidia nini? Hakiliwi, hakivaliki. Nipe mimi nikutunzie."

Namnyooshea kadi, na watu wote wanapasuka: "Usimpeee!"

Somo letu lilikuwa hilo tu. Bila kadi hupigi kura, basi kadi haitolewi. Si kwa mchumba, si kwa mjomba, si kwa malaika. Watu wakacheka, wakajiandikisha. Hata shangazi yetu, aliyetulea mimi na mdogo wangu baada ya mama kufariki, mtu ambaye hakuwahi kupiga kura tangu azaliwe kwa sababu "wote wale wale, wanapokezana viti tu," siku moja aliniambia, "Haya, nipeleke huko kwenye kituo chenu." Alipopata kadi aliifunga kwenye pindo la mtandio wake, akawa analala nayo.

Siku moja kabla ya uchaguzi shemeji akaja kibarazani asubuhi, tayari yumo ndani ya koti.

"Dada, leo tufunge kazi kwa kishindo. Tutumie kadi zao wenyewe. Wazione zikizama mfukoni, roho ziwaruke kidogo. Halafu mwishoni wewe unanikamata, unanipekua, unamrudishia kila mtu yake mkononi. Hawatasahau mpaka wanaingia kaburini."

Nilipiga makofi. Niseme nini, wazo lilikuwa tamu. Tukapita nyumba kwa nyumba, na watu wakatoa huku wanacheka. Muuza maji alimrushia yake: "Shika, Bwana Mfuko, ila ukiila utaitapika!" Msusi akataka kupigwa naye picha. Kwa mdogo wangu hatukuingia. "Ya mke wangu ninayo tayari," shemeji alisema, tukapita.

Aliyegoma ni shangazi peke yake.

"Si nyinyi mliosema haitolewi hata kwa malaika?"

"Shangazi, kwani huyu malaika? Huyu mkweo. Ni mchezo tu, jioni unayo mkononi."

Akamtazama shemeji kuanzia viatu mpaka juu. "Nampa kwa sababu yako wewe," akaniambia mimi. Akafungua fundo taratibu, kama anafungua kidonda.

Nami nikatoa yangu.

Saa kumi kibaraza kilifurika hadi barabarani. Waliokosa viti walikalia ndoo, watoto walipanda ukuta. Tukasubiri. "Anajipaka poda huyo!" mtu akatania, wakacheka. Nikapiga simu, imezimwa. Nikaenda kibandani kwake. Kufuli. Na juu ya kufuli, koti limetundikwa.

Nililichukua nikarudi nalo mkononi, na watu waliponiona walishangilia. "Bwana Mfuko kabaki ngozi!" Nikaanza kupekua. Mfuko wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Nikawa naigeuza nje mmoja baada ya mwingine, na mle ndani hakikudondoka kitu ila msumari mdogo wa kiatu. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Jamani, kadi hazimo," nikasema.

Makofi. "Leo mama kanoga! Angalieni anavyotetemeka, utadhani kweli!"

"Sichezi. Hazimo. Na yeye hayupo."

Muuza maji ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa amesimama karibu, akaona uso wangu. Kicheko kikaanza kuzimika kutoka kwake kwenda nyuma, safu kwa safu, mpaka wakabaki watoto peke yao ukutani, kisha nao wakanyamaza.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba umebanwa kwapani.

"Mumeo yuko wapi?"

"Kaitwa kwao mara moja."

"Na kadi yako iko wapi?"

Aliubana mkoba zaidi, na mimi niliyembeba mgongoni na kumsuka na kumwoza, nikajua iliko.

"Aliniambia nisiitoe," akasema polepole. "Dada, usinitazame hivyo. Yale maegesho yatajengwa tu, mtake msitake. Diwani kamwahidi duka la viatu mle mle, lenye vioo. Na wewe sikukusahau. Nilimwambia mume wangu akuombee kona."

"Kona?"

"Kona nzuri. Karibu na mlango."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nguo yenyewe niliishona kwa mkono wangu, nikaitia na mifuko.

Watu walianza kumsogelea. Shangazi akapita katikati yao, wakamwachia njia. Nilidhani atampiga kofi. Akamwambia tu, "Kesho kapige kura mwanangu. Kadi unayo." Kisha akashika mtandio wake, akaunyoosha pale palipokuwa na fundo, akaenda zake.

Asubuhi yake tulikwenda kituoni hivyo hivyo, mikono mitupu. Kijana wa mezani alitusikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Kadi. Mdogo wangu alifika, akaingia, akatoka na wino kidoleni, akapita mbele yetu ameufumbata mkono. Jioni diwani alizungushwa mtaani begani kwa watu.

Sasa nashonea chumbani kwangu, kitanda upande mmoja, cherehani upande mwingine. Wateja hawajaniacha, siwezi kuwasingizia. Wanaleta nguo, wanaonyesha pa kupunguza, wanaondoka. Hawakai. Muuza maji husimama nje, anapitisha suruali dirishani. Shangazi huja, anakata nyuzi, na nikianza kusema lile jambo ananikatiza: "Shona."

Juzi mdogo wangu alileta sketi. Vyumba vya duka lao vina vioo kweli, nimesikia, na ile kona bado iko wazi. Nilimpima kiuno, nikaandika, nikamwambia aje Ijumaa. Akabaki amesimama, anachezea bobini ya uzi, anataka niulize chochote, hali ya nyumbani, hata hali ya hewa.

Nilikanyaga cherehani. Ni mtu wa kwanza maishani mwangu ambaye sikuutaka umbea wake.