Filimbi za Mlangoni

Simu ilikuwa imeamua kwamba filimbi ni kelele.

Kavira Musoki alipozungumza, ndugu zake walimsikia vizuri. Alipopuliza, walimwona kwenye kioo mashavu yamejaa, midomo imebana kwenye tundu la mwanzi, na hawakusikia kitu. Programu ilitengenezwa ichuje kila sauti isiyo ya mtu anayezungumza: jenereta, pikipiki, mvua kwenye mabati. Filimbi ya marehemu baba yake iliwekwa katika kundi hilo.

"Yaya, uko unapuliza ao uko unapoza chai?" aliuliza Stéphane kutoka Kampala, mdogo wake, ambaye humwita dada yake mkubwa yaya.

Falone, binti wa shangazi yao, anayesomea uuguzi Lyon, aliwaelekeza mmoja mmoja mahali pa kuzima kichujio hicho. Filimbi zikasikika. Ndipo tatizo la kweli lilipojulikana.

Filimbi hizo huitwa eluma. Za ukoo wao ni tano, na kila moja ina sauti moja tu. Hakuna filimbi yenye wimbo. Wimbo unapatikana katika zamu, sauti ya huyu ikifuatwa na ya yule hadi ya tano, kisha ya kwanza tena. Kila filimbi ni ya nyumba moja, na aliyebaki na nyumba, awe mwanamume au mwanamke, ndiye anayeipuliza. Mpigaji hajifunzi kuhesabu, anajifunza kumsubiri jirani. Ukimwambia ndugu yao Gérard wa Kisangani apige sehemu yake peke yake, hataweza. Mtangulizie sauti ya Stéphane, hatakosea.

Baba yao, aliyekuja Bunia kufanya biashara ya vitambaa akitokea Lubero, aliwafundisha wote katika ua wa nyumba yake mtaa wa Nyakasanza, wakati wa likizo, mabenchi yakiwa yamepangwa duara. Wimbo ulikwenda haraka. Majirani walikuja kucheza.

Sasa amekufa, na mwaka wa kuomboleza umekwisha zamani. Katika ukoo huo matanga hayatoki kwa tarehe, yanatoka kwa eluma. Mpaka wimbo upigwe na filimbi zote, mjane havui kitambaa cheusi, hakai sokoni, hali karamu ya watu. Mama Rébecca, mama yao, alikuwa na meza ya vitenge katika soko kuu la Bunia kwa miaka mingi. Meza hiyo ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, na yeye alishinda nyumbani akichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Wenye filimbi walikuwa Bunia, Butembo, Kampala, Kisangani na Lyon. Barabara ya Komanda kwenda Beni, inayounganisha Bunia na Butembo, ilikuwa na watu wa bunduki; haikuwa ya kumpeleka mtu unayempenda. Ndiyo maana Kavira alifungua kundi kwenye simu akaliita Kyaghanda, kama kibanda cha zamani ambamo watu wa boma moja walikaa kuzunguka moto.

Kundi lilianzishwa kwa ajili ya wimbo, lakini lilizaa mengine. Kila Jumamosi alasiri, kabla ya majaribio, baba mdogo Kamate Ephraïm aliuliza vitendawili kwa Kinande kutoka Butembo. Kwenye kioo alionekana paji la uso tu na dari. Watoto wa Stéphane, waliozaliwa Kampala, ambao mwanzoni walipunga mkono na kukimbia, sasa waligombania simu ili wawe wa kwanza kumwamkia: "Wasibire!" Mdogo wao aliweza kutaja majina ya ukoo mpaka kwa babu wa babu. Kavira, ambaye hufundisha fizikia katika shule moja ya sekondari na si mwepesi wa kusifu, alimwambia mama yake kwamba darasa lake lenyewe halikumbuki hivyo.

Wimbo, hata hivyo, ulikataa. Kila walipoanza, sauti ziligongana kama watu wanaotaka kupita mlango mmoja kwa pamoja. Kavira alimwomba kila mmoja apige kofi mara tu anaposikia kofi lake, akapima muda wa kwenda na kurudi, akaugawa kwa mbili. Sauti ilichelewa njiani, karibu nusu sekunde kwa mmoja, karibu sekunde nzima kwa mwingine. Wimbo wa duara haukuwa na nafasi ya hata robo ya hiyo.

"Mimi niko na ile kaseti," alisema Stéphane. "Ile baba alirekodi na wazee. Nimeisafisha, inalia muzuri kabisa. Tuipige, mama atoshe kitambaa cheusi, akivue, iishe."

"Hiyo kaseti bako ndani banani?" aliuliza Mama Rébecca, akiwa nyuma ya Kavira.

"Baba, na wazee."

"Bote bamekufa."

"Ndiyo, mama."

"Basi wafu wanitoshe matanga ya mufu mwenzao? Stéphane, weye uko na akili kweli?" Alivuta kitambaa chake cheusi begani. "Kama wazima hawawezi, nitabaki nayo mpaka barabara ifunguke."

Walijua umri wake, na waliijua barabara.

"Tujaribu tena," alisema Kavira. "Polepole. Muangalie duara. Gérard, kuume yako iko nani?"

"Kuume yangu iko ukuta," alisema Gérard.

Falone alicheka. Baba mdogo Kamate hakucheka.

"Duara, duara! Hii duara yenu ilinichokesha tangu zamani. Kwetu kule nani alikuwa naketi duara mbele ya kutosha matanga?"

"Walikuwa wanaketi wapi, baba mudogo?" aliuliza Kavira.

"Kila mutu ku mulango yake! Matanga haiyatoka bado, weye utatoka ku nyumba? Nyumba moja iko ku kilima hii, ingine ku ile. Mukubwa anapuliza, unamusikia, unajibu. Mwengine anakusikia weye, anajibu. Wimbo ikiisha, njo watu wanashuka ku muto, wananawa pamoja, wanasalimiana."

Paji la uso lilisogea, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakaona macho yake.

"Na miaka hii yote ulinyamaza?" aliuliza Stéphane.

"Mukubwa yangu alisema duara. Mukubwa akisema duara, iko duara. Na Bunia mulikuwa na vilima gani? Ukitupa jiwe, inaua kuku ya jirani."

Kavira hakufurahi mara moja. Kumbukumbu ya mzee mmoja kwake ilikuwa dai, na dai hupimwa.

"Kutoka mulango ya baba mupaka yako," alisema, "ilikuwa mbali namna gani?"

"Nani alipima? Unaona mbuzi. Hauone kama iko dume ao jike."

"Asante. Hiyo inatosha."

"Inatosha nini?" aliuliza Stéphane, lakini dada yake alikuwa amekwisha kukata simu.

Jumapili baada ya ibada, Kavira aliazima mbuzi wa jirani, akamfunga kwenye nguzo ya goli katika uwanja wa mpira wa shule, akaanza kurudi nyuma huku akimtazama. Uwanja ulikwisha, akaendelea barabarani. Watu waliotoka kanisani walisimama. Alipofika mahali ambapo mbuzi alibaki mbuzi tu, bila dume wala jike, aliweka jiwe. Ulikuwa urefu wa uwanja mara mbili na nusu, takriban mita mia mbili na hamsini. Sauti hutumia robo tatu ya sekunde kuvuka umbali huo.

Alirudi nyumbani, akaweka namba hiyo kando ya zile za makofi. Robo tatu ya sekunde ilikaa katikati yao.

"Mutoto yangu," alisema Mama Rébecca, ambaye habari ilimfikia kabla ya mbuzi kurudishwa, "banasema ulifunga mbuzi ya watu ukaikimbia."

"Nilikuwa napima bonde, mama."

"Bonde gani Bunia?"

Kavira alimweleza. Simu haikuharibu wimbo. Walichokuwa wakijaribu kupiga ni wimbo wa ua wa mjini, ambao baba aliupunguza ili uenee kati ya mabenchi. Wimbo wa kutoa matanga ulitungwa kwa watu wasioweza kukaribiana, na kuchelewa kwa sauti kulikuwa ndani yake tangu mwanzo. Sauti ikivuka bonde au ikivuka bahari, mpigaji ana kazi ileile: kumsubiri mmoja, na kuwaacha wengine.

Mama Rébecca alisikiliza mpaka mwisho. "Baba yako alikuwa nasema kule kwao ilikuwa nalia kama kitu inatembea," alisema. "Mimi nilifikiri ni masifu tu."

Jumamosi iliyofuata Kavira alitoa masharti, na sauti yake ilikuwa ile ya darasani. Hakuna kukaa sebuleni. Kila mtu mlangoni kwake, mlango wazi, na chombo cha maji miguuni. Kila mmoja amsikilize yule anayemjibu tu. Asiende mbio kumtafuta mwingine.

"Madame Prof," alisema Stéphane, "mulango yangu iko juu ku ngazi, étage ya tatu. Majirani wanapita hapa na ndoo."

"Wapite."

"Watauliza."

"Utawajibu. Ao haujue jibu?"

Stéphane alijua jibu. Aliketi kizingitini, watoto wake nyuma yake. Falone alikuwa mlangoni pa jengo la wanafunzi, amevaa koti zito na kofia, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi. Kisangani mvua ilinyesha, na Gérard alikaa chini ya ukingo wa paa, goti moja likilowa. Baba mdogo Kamate alionekana mzima kwa mara ya kwanza, amevaa koti la suti, ameegemea mwimo wa mlango. Mjukuu alikuwa ameiweka simu juu ya kinu.

Kavira aliketi kwenye mlango wa nyumba ya Nyakasanza. Mama yake alikaa ndani, nyuma yake, mahali pa mjane.

Alipuliza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko alivyozoea, na mkono wake ulitaka kuinua filimbi tena. Aliuzuia. Sauti ya baba mdogo ikaja kutoka Butembo. Akamsikia Stéphane, kisha Gérard, mvua ikiwa ndani ya sauti yake, kisha Falone, sauti yake nyembamba na ya mbali. Falone ndiye ambaye Kavira alipaswa kumjibu. Kavira akapuliza.

Mzunguko wa pili ulikuja, na wa tatu. Hakuna aliyegongana na mwenzake. Sauti zilipita kutoka mlango hadi mlango, na baada ya muda hazikuwa tena sauti tano. Kilikuwa kitu kimoja kinachotembea, taratibu, kwa mwendo wa mtu mzima ambaye hana deni na mtu. Mwanamke mwenye ndoo alisimama mbele ya Stéphane, akaishusha ndoo. Huko Lyon kijana alikuja akitaka kutoka, akamtazama Falone, akarudi ndani polepole.

Kavira alijua jambo moja zaidi, kwa sababu alikuwa amelikokotoa. Kwa kuwa kila sauti ilichelewa kwa kiasi chake, nafasi kati ya sauti hazikuwa sawa masikioni mwao. Kila mmoja aliusikia wimbo tofauti kidogo na mwenzake, ingawa mpangilio ulikuwa uleule. Ilikuwa hivyo vilimani pia. Lubero nako, nyumba mbili hazikuwahi kuusikia wimbo mmoja.

Baba mdogo Kamate alinyanyua mkono. Walimaliza mzunguko, wakaacha.

"Voilà," alisema mzee. Alijifanya anatafuta kitambaa mfukoni. "Gérard, ulichelewa mara moja."

"Ni mvua, muzee."

"Mvua haipulize filimbi. Munawe."

Waliinama, kila mmoja kwenye chombo chake, wakanawa. Watoto wa Kampala walinawa mpaka viwiko na kumwagia ngazi. Kisha wakasalimiana mmoja baada ya mwingine, kama watu waliokutana mtoni, na simu tano zilijaa neno moja, "Wasibire, wasibire," likichelewa na kufuatana.

Mama Rébecca alitoka ndani, akapita kando ya Kavira, akasimama kizingitini ambapo wote wangemwona. Alifungua fundo begani, akavua kitambaa cheusi, akakikunja mara mbili na kukiweka juu ya benchi. Chini yake alikuwa amevaa kitenge cha manjano na buluu ambacho kilishonwa zamani kwa ajili ya siku hiyo. Kilikuwa kimempwaya.

"Mama, umepunguka!" alisema Stéphane.

"Nitajaa. Weye nitumie mutoto ule wa majina, anisomee tena ya babu ya babu. Siku ile mitandao ilimukata."

Mtoto alisogezwa mbele ya simu, akayasoma yote, na alipofikia jina la babu yake aliyekufa hakusimama. Aliendelea mpaka jina lake mwenyewe.

Jumatatu asubuhi Mama Rébecca alikwenda sokoni kwa miguu, kwa kuwa alitaka kuonekana. Aliondoa vitenge vilivyopangwa vibaya, akavipanga upya. Wanawake wa meza za jirani walimkumbatia, wakashika kitenge chake, kisha mmoja akauliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo.

"Lakini Mama Rébecca, barabara haiyafunguka. Nani amepuliza?"

"Bote," alisema, akinyoosha kitambaa juu ya meza. "Kila mutu ku mulango yake. Njo desturi."