Kidonda Jikoni, Damu Sebuleni

Kwa maneno ya Somoe pale bombani Kinondoni, jirani yake Chausiku alikuwa kanyonywa damu na mumiani. Alisimulia huku ndoo yake imejaa na maji yanamwagika, na wanawake waliopanga foleni hawakumhimiza.

"Kidole gumba kimepasuka hadi ndani, tone halitoki! Nimekiona mie. Na anafanya kazi kwa Wazungu. Hiyo damu mnadhani iko wapi?"

Chausiku alikuwa papo hapo na ndoo yake. "Shoga, mie damu ninayo," alisema. "Ila haitokei kwangu."

"Haya," alijibu Somoe, kama mtu aliyetajiwa bei ya dagaa. "Teka maji basi."

Jambo lilianza na kari ya Jumapili. Bwana, Mzungu aliyemwajiri Chausiku, alikuwa mkaguzi wa usafi masokoni na alipenda kari yenye tui zito. Mbuzi ya kukunia nazi ya nyumba ile ilikuwa na chuma kilicholegea kwenye kibao, na kila kilipoyumba kilimkwangua Chausiku kidole. Jumapili moja kilimkwangua vibaya. Mpishi Polikarpo alimwinua mkono juu, akakibana kidole kwa kitambaa. Alipokiondoa, kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kabatini.

"Hiki hakina damu, dada. Kinauma?"

"Kinauma sana."

"Basi ni kidonda."

Wakati huohuo memsahibu, mke wa bwana, aliyekuwa sebuleni akipiga kinanda, aliona vitufe vinageuka vyekundu. Kidole gumba chake hakikuwa na hata mchubuko, lakini kilitiririka damu. Hakuhisi kitu. Bwana alifungua sanduku la bati lenye dawa, akamwosha kwa maji yaliyochemshwa, akampaka aidini, akamfunga bendeji. Ilipopakwa aidini, Chausiku alipiga yowe na kuangusha kifuu. Uchungu wa dawa ulifika jikoni. Dawa yenyewe haikufika.

Bwana alikuwa mtu wa vipimo. Jumapili iliyofuata alimwagiza Chausiku akune nazi, naye akaketi sebuleni karibu na mkewe, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Damu ilipotoka akaitikia kwa kichwa, sababu ikawa imejulikana. Tangu siku hiyo memsahibu alivaa glavu kila nazi zilipokunwa. Bendeji ziliagizwa katoni nzima. Mbuzi haikuguswa, maana haikuwa imemkata mtu anayetoka damu.

Klabuni kwao memsahibu alisifiwa kwa ujasiri, hata akaombwa akawafundishe kina mama wa Temeke huduma ya kwanza. Aliwaambia kupitia mkalimani kwamba aidini haiumi hata chembe, wanaolia wanadeka tu. Akajimiminia kidoleni mbele yao bila kupepesa jicho. Chausiku, aliyechukuliwa kwenda kuandaa chai, aliangusha birika nyuma ya ukumbi, akakaripiwa kwa sababu ya birika.

"Siku moja ujikate shingo, dada," Polikarpo alimtania njiani wakirudi, "sote tupate likizo."

"Nitaumia mie, watamzika yeye. Wewe ndio utapata likizo."

Kisha kidole kikavimba. Kikawa kinapiga kama kina moyo wake, na kilipobonyezwa kilitoa usaha. Usaha haukwenda sebuleni; huo ulibaki kwa mwenyewe. Polikarpo alikiosha kwa maji ya chumvi, akakinusa, wala hakutania tena.

"Kaombe ile dawa leo. Ukichelewa watakikata."

"Nikaombe na damu gani?"

Lakini alikwenda. Kidole gumba ndicho kilichokuwa kikishika kisu, kikisokota ukili, kikibeba ndoo. Ilikuwa Jumamosi alasiri, na memsahibu alikuwa barazani akibadilisha bendeji, sanduku likiwa wazi mapajani. Chausiku alisimama mlangoni, akanyoosha mkono.

"Memsahibu, samahani. Naomba matone kidogo ya hiyo dawa, na kitambaa kisafi. Na ile mbuzi, kama fundi angeipiga msumari."

Memsahibu alikitazama kidole kile kwa makini, upande huu na upande wa pili. Kilikuwa kimevimba mpaka kinang'aa. Hakikuwa kinatoka damu. Akarudi kwenye kidole chake kizima, akakimiminia aidini, akakipuliza kwa mazoea.

Chausiku alishika mwimo wa mlango kwa mkono mzima, akangoja uchungu upite. Ulipopita, alikuwa bado amenyoosha ule mwingine.

Memsahibu alifunga sanduku, akauliza kama nazi za kesho zimeshanunuliwa.