Kofia ya Daktari wa Meno

Ummulkheir alikata uzi kwa wembe, akaguna. Zamani angeuinamia mshono, akauuma uzi, kwisha. Ndivyo alivyofundishwa na mamake, na mamake alivyofundishwa na nyanyake: sindano mkononi, uzi menoni. Wembe haufiki pale meno yanapofika. Kula mara alipokata ulibaki mkia mfupi wa uzi ndani ya ukingo wa kofia, na washonaji wenziwe wa Mji wa Kale hawakumwacha apumue.

"Kofia zako zina ndevu, Ummu," walimwambia. "Anayezivaa ataingia msikitini na ndevu mbili."

Lakini daktari wa meno alikataza. Alimwambia wazi, karani akimtafsiria: asiume uzi, asile tambuu, asile kashata, wala mahindi ya kuchoma. Tambuu aliiacha siku ile ile. Mahindi ya kuchoma aliyaacha kwa machozi.

Meno yake ya mbele tangu utotoni yalipandana, moja limemtangulia mwenziwe, jengine limegeuka upande, na mdomo haukufungika vizuri. Alizoea kucheka huku ameziba kinywa kwa ncha ya buibui. Siku moja tu katika maisha yake meno hayakuwa habari ya mtu, nayo ni siku ya harusi, maana bibi harusi hutolewa ameinamisha mato na kinywa kimefungwa. Mumewe alidumu naye miaka michache, kisha akaenda zake Lamu akaoa huko. Hakusema ni kwa sababu ya meno. Hakusema si kwa sababu ya meno.

Basi mwaka jana, amefikisha thalathini na moja, alikwenda kliniki ya Ganjoni kung'olewa gego. Akamkuta daktari mzungu aliyemtazama kinywa chote, si gego peke yake, akamwambia meno yale yaweza kunyoshwa hata kwa mtu mzima. Yataka miaka miwili na subira. Akamvisha pete za chuma jino baada ya jino, akapitisha waya. Kula mwezi alikwenda kuukaza, akarudi nyumbani kichwa chamuuma, amefurahi. Jino lililogeuka likaanza kurudi mahali pake. Aliliona kwa macho yake kwenye kioo, haikuwa ndoto.

Mtaani walisema yao. Mwanamke mzima, hana mume, atengeneza meno kwa ajili ya nani? Bimdogo wa nyumba ya pili aliapa kuna baharia. Wengine wakasema waya ule usiku washika Redio Kairo. Ummulkheir aliwacheka, kisha akaacha kuwacheka, maana tangu Ramadhani daktari hakuonekana tena, na kula mwezi jibu lilikuwa moja: yuko likizo, rudi mwezi ujao. Sasa Mfunguo Tatu, Idi kubwa i mlangoni. Waya umelegea, ncha yake yamchoma shavu kwa ndani, na lile jino limesimama nusu njia. Halikurudi lilikotoka wala halikufika linakokwenda. Wali autafuna kwa magego ya upande mmoja. Nyama haili kabisa.

"Waenda tena?" Bi Mwanakuu, mamake, alimuuliza alipomwona akijitanda buibui.

"Naenda, mama."

"Na huyo daktari wako hana siku ya kuonekana? Hata mwezi hujificha, lakini huandama."

"Leo nitamwona."

"Utamwona Abdulhalim na dirisha lake. Mimi yule kijana simuamini. Anichekea mno."

Ummulkheir alimaliza kujitanda, akatoka. Abdulhalim, karani wa kliniki, ni mtoto wa mtaa huu huu, walisoma chuo kimoja cha Kurani kwa maalim mmoja. Yeye ndiye aliyemtilia jina lake daftarini wakati wengine waliambiwa watu wazima hawatibiwi. Fadhila ile ilimfunga Ummulkheir mdomo kuliko waya. Na daktari naye hakumsahau: Idi ndogo hakwenda mikono mitupu. Alishona kofia kamili, viua vidogo vidogo vya nyota, kazi ya miezi, akampa Abdulhalim amfikishie daktari. Mzungu na Idi wapi na wapi? Lakini shukrani haina dini, na ukimpa mtu kitu cha mkono wako hawezi kukusahau. Hivyo ndivyo alivyofikiri.

Alishika barabara ya Ndia Kuu. Meli ya watalii ilikuwa imetia nanga Kilindini, na wenye maduka wametoa nje kila walichonacho: masanduku ya Kiarabu, mabirika, mazulia, vinyago vya Ukambani. Mbele ya duka la Kamaludin kilisimama kinyago cha askari mwenye mkuki. Kichwani amevaa kofia.

Ummulkheir alipita. Kisha akarudi nyuma.

Nyota. Viua vya nyota, safu mbili, kisha mshono wa mkufu. Moyo ukamwambia usiguse, nenda zako. Akaivua kichwani mwa askari, akapindua ukingo. Ndevu. Mikia mifupi ya uzi ukingo mzima, wembe wake mwenyewe.

"Salaam aleikum, Bi Ummulkheir," alisema Kamaludin kutoka ndani. Mzee mnene, alikuwa akifuta birika. "Wanunua au wanipindulia mali?"

"Aleikum salaam, ami. Hino umeipata wapi?"

Kamaludin akaacha kufuta. "Kwani ina nini? Mimi nimeinunua kwa halali yangu."

"Sikusema ni ya haramu. Nauliza kwa nani."

"Na wewe umeanza lini upolisi?"

"Ami, hii nimeishona mimi."

Mzee aliitazama kofia, akamtazama yeye, akatazama njia kama kuna anayesikiliza. "Kwa Abdulhalim wa meno," alisema kwa sauti ya chini. "Alisema ni ya marehemu ami yake."

"Marehemu hajapata kuivaa. Tazama, haina hata jasho."

"Nami nilimwambia hivyo! Akasema marehemu alikuwa mtu nadhifu."

Siku nyingine angecheka. Leo kicheko hakikuja. Aliivua bangili yake ya fedha akaiweka juu ya meza. "Niazime mpaka alasiri. Nisiporudi, bangili yako."

Kamaludin aliigonga bangili mezani, akausikiliza mlio, akaigonga tena. Biashara ni biashara. "Mpaka alasiri," akasema. "Na jina langu usilitaje."

Njia yote hadi Ganjoni alikuwa akibishana na nafsi yake. Huenda daktari mwenyewe aliiuza. Huenda aliikataa, Abdulhalim akaona haya kumrudishia. Mtu hutaka kumdhania mwenziwe vyema, hasa akiwa na waya wa mwenziwe kinywani. Lakini kofia ilikuwa kwapani ndani ya buibui, na ndevu zake zikimkuna mkono.

Kliniki ilikuwa na benchi moja nje na dirisha moja lenye nondo. Benchini alikaa mwanamume aliyefunga shavu kwa kitambaa, jina lake Katana, ametoka ng'ambo ya Likoni kwa feri ya alfajiri. Kando yake mwanamke na binti yake, binti kaziba kinywa kwa mkono. Ummulkheir aliujua mkono ule. Alikuwa nao yeye miaka yote.

Abdulhalim alikuwa dirishani, shati jeupe, kalamu mfukoni.

"Sabalkheri, dada Ummulkheir! Bi Mwanakuu hajambo? Nyumbani salama?"

"Salama, alhamdulillahi. Daktari yuko?"

"Ah, dada. Bado yuko likizo. Wazungu wajua likizo zao. Rudi mwezi ujao, inshallah."

"Ile kofia ulimfikishia?"

"Ewe! Alipita hapa siku moja kuchukua barua zake, na kabla sijaikunjua vizuri alishaivaa. Aliipenda mno. Alisema tangu aje Mombasa hajapata kupewa kitu kizuri namna ile."

"Alisema hivyo?"

"Wallahi."

Wallahi. Hapo Ummulkheir akashika nondo. Kusema uongo ni kitu kimoja. Kumshuhudisha Mungu juu yake dirishani, mchana kweupe, kwa mtu uliyesoma naye alifu kwa kijiti! Akaitoa kofia kwapani, akaiweka mbele yake, ukingo juu.

Abdulhalim aliitazama. Kicheko kikamkaa usoni muda mrefu kuliko kilivyotakiwa.

"Daktari yuko wapi, Abdulhalim?"

"Dada, punguza sauti."

"Yuko wapi?"

Akainama mpaka paji la uso likagusa nondo. "Ameondoka. Kabla ya Ramadhani. Mkataba wake uliisha, akaenda kwao, harudi. Hata kile kiti cha kuegemea kimechukuliwa, kimepelekwa Nairobi."

"Kwa hivyo nilipokuletea kofia..."

"Alikuwa ashaondoka."

"Na ukaipokea."

"Ningeirudisha vipi? Ungeniuliza kwa nini. Nikakaa nayo. Kisha mshahara ukachelewa, sukari nayo imepanda, watoto... Ummu, wallahi sikuwa na nia mbaya."

"Usiape tena. Kwa nini hukutwambia?"

"Niseme nini? Wakubwa wamesema niandike majina mpaka aje mwengine. Kula mwisho wa mwezi wataka kujua majina ni mangapi. Nikisema daktari hayuko, nani atakuja kuandikisha? Watu wasipokuja, dirisha litafungwa. Dirisha likifungwa, mimi niko wapi?"

"Na huyo mwengine yuwaja lini?"

Abdulhalim akafungua daftari, akalifunga.

"Wamekwambia yuwaja?"

"Hawajasema haji."

Ummulkheir alichekea puani, na ncha ya waya ikamchoma shavu pale pale inapochoma siku zote. Akaonja damu. "Na huu? Nani ataukaza? Nani atautoa?"

"Nairobi yuko mmoja, nasikia. Wa kulipa."

"Nairobi." Alilitamka kama watu wanavyotamka Ulaya. Nauli tu ingekula kofia zake za mwaka mzima, na huko kufika ndiyo kwanza mlango wa daktari. Alijua, na Abdulhalim alijua kwamba anajua. Machozi yakamjia, nayo yalikuwa ya hasira zaidi kuliko huzuni. Miezi yote ile ya kukaa na njaa. Miezi ya Bimdogo na baharia wake. Angalau meno ya zamani yalikuwa mabaya lakini yalitafuna.

"Kofia umeshapata, dada," Abdulhalim alinong'ona. "Nenda nyumbani. Usiniharibie. Nina watoto, nawe wanijua."

Kweli, alimjua. Alimjua babake, alimjua mkewe, alimjua mtoto wake wa mwisho mwenye pumu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba akimtazama hakuona jambazi. Aliona mtu wa mtaani ameshikilia nondo zile zile alizoshika yeye, ila kwa upande wa ndani. Aliyefunga mlango na kuchukua kiti hakuwa pale wa kulaumiwa, na wala hangekuja.

Akachukua kofia, akageuka. Akawa ameshapiga hatua za kwenda zake, aibu imemshinda, fadhila imemshinda, aliposikia yule mwanamume wa Likoni anajikokota dirishani.

"Bwana karani," alisema Katana, shavu limevimba, maneno hayatoki sawasawa. "Daktari yuko leo? Hii ni mara ya tatu."

"Bado yuko likizo, mzee. Rudi mwezi ujao."

Na nyuma ya Katana, mama wa yule binti alikuwa ashasimama. "Na sisi? Huyu mwanangu ameambiwa atatiwa waya, meno yanyoke."

"Mwandikishe jina, mama. Mwezi ujao, inshallah."

Ummulkheir akarudi. Akasimama katikati yao na dirisha, akaliondoa buibui usoni. Kisha akafanya jambo ambalo hakupata kulifanya mbele ya watu tangu azaliwe. Akavuta midomo yake kwa vidole, juu na chini, akawaonyesha yote: pete zilizopata kutu ukingoni, waya ulioning'inia, jino lililosimama nusu njia, damu.

"Nitazameni," alisema. "Mimi ndio mwezi ujao."

Yule binti aliteremsha mkono wake kinywani, akatazama bila kupepesa.

"Daktari hayuko," Ummulkheir aliendelea. "Ameondoka tangu kabla ya Ramadhani. Ndani hamna hata kiti. Muulizeni."

"Ni kweli, karani?" Katana akauliza.

Abdulhalim alimtazama Ummulkheir kwa jicho ambalo mtu humtazamia aliyemwaga unga wake, kisha akalivuta dirisha, likafungika.

Katana akaanza kuligonga dirisha kwa kiganja, polepole, kama mtu aliye na siku nzima. Mama wa binti akakaa chini kwa mshindo. "Basi hatuondoki," alisema. "Waje hao wakubwa watwambie wenyewe."

Ummulkheir akakaa nao. Alasiri ilikuwa mbali bado, na bangili iko kwa Kamaludin, na kofia itarudi kichwani mwa askari wa mti. Aliipindua mapajani mwake. Ndevu zile zilimtia haya. Kazi ya mkono wake haikustahili kuuzwa hivyo hata kwa mtalii. Akaiinamia, akaushika mkia wa kwanza kwa meno ya mbele, akauuma.

Uzi ukakatika karibu kabisa na kitambaa, safi, kama zamani. Akauma wa pili, akauma wa tatu. Kwenye wa nne alisikia kitu kikiachia ndani ya kinywa chake, na ladha ya chuma ikamjaa ulimini. Akatema kiganjani. Ilikuwa pete ya lile jino la nusu njia.

Aliitazama kidogo. Kisha akainuka, akaiweka kwenye ubao wa dirisha lililofungwa, mahali ambapo karani akifungua lazima aione, akarudi kukaa benchini na kuendelea na ukingo.