Habari Iliyoandikwa

Mwaka wa hamsini na tisa gazeti la serikali lilifika Makambako kwa basi la Iringa, limechelewa wiki nzima, na Abrahamu, mwalimu mstaafu, akawasomea watu kwenye baraza ya duka. Alisoma neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi, na kiburi chake kilikuwa hicho tu. Siku moja zikaja habari za ghasia za Nyasaland, Malawi ya leo. Gazeti likasema wahuni wanne wametulizwa na hali ni shwari. Watu wakaguna, na aliyeguna kuliko wote ni Fidelia wa Mjimwema, aliyekuja kuuza viazi. Akauliza watoto wa namna hiyo wamelelewa na mama gani. Abrahamu naye akatikisa kichwa. Ndivyo tulivyokuwa, na msijifanye ninyi mngekuwa na akili zaidi.

Baada ya siku kumi Marcelino, dereva wa lori, akarudi kutoka huko na koti la Gideoni, mwana wa Fidelia, aliyekwenda kufanya useremala. Gideoni alikuwa mmoja wa wale wanne. Alipigwa risasi, na Marcelino mwenyewe alisaidia kumzika.

Fidelia akamwendea mchungaji ili kengele ya msiba ipigwe. Mchungaji akakataa, kwa upole. Madereva walishawahi kumzushia mtu kifo, mwenyewe akarudi Krismasi akakuta mkewe ameolewa. Safari hii alitaka habari iliyoandikwa. Na bila kengele hakuna matanga, mama anakaa tu nyumbani hajui alie au apike.

Basi akapanda lori mpaka Makambako, akamwomba Abrahamu asome tena habari ile. Abrahamu akalitoa gazeti sandukuni, akasoma. Wahuni wanne wametulizwa. Gari la afisa, la rangi ya kijivu, limevunjwa kioo cha mbele. Kioo kipya kimeagizwa Ulaya na kitafika mwezi wa sita.

"Jina la mwanangu liko wapi?"

"Halimo, Mama Gideoni."

"Kioo kimo."

"Kimo."

Abrahamu aliona aibu, tena aibu kubwa, maana maneno yale aliyasoma mwenyewe kwa sauti nzuri. Akatoa penseli. Pembeni mwa habari akaandika: Gideoni, seremala, mwana wa Fidelia wa Mjimwema. Kisha akamwonya kwamba mchungaji si mtoto, ataujua mwandiko wa mkono.

"Alitaka habari iliyoandikwa, Mwalimu. Hakusema iandikwe na nani."

Akanyoosha mkono apewe. Abrahamu akamwambia angoje kidogo. Akalikata neno "wanne", juu yake akaandika "watatu". Akalitazama. Akawafikiria wale watatu, ambao nao kuna mahali mama zao wanangoja kengele. Akalikata na "watatu", akarudi nyuma akalikata na "wahuni", halafu akampa gazeti lake.