Paa Lililozibwa Kama Mtumbwi

"Mvua yako umeihamishia kwangu!" nilimfokea Yolande huku nikilikamua shuka langu mlangoni pake. "Ilikudondokea wewe, ukaionea huruma, ukaitafutia chumba kwangu?"

"Yaya Germaine, dada yangu mkubwa, mimi ningejuaje?" alijibu, mikono kiunoni. "Florent ndiye aliyeziba. Muulize yeye."

"Florent ni fundi wa mitumbwi!"

"Na mtumbwi wake gani umeshawahi kuzama?"

Wapangaji wengine wakaangua kicheko. Vyumba vyetu ni sita kwa safu, nyuma ya soko la samaki la Nchelenge, kando ya ziwa, na kuta zake ni nyembamba hata wa kwanza akipiga chafya, wa tatu humtakia afya. Mimi hupenda hivyo. Nyumba isiyo na watu naiona kaburi lenye mlango. Lakini asubuhi ile sikuwa na cheko. Florent alilitengeneza paa la Yolande kama anavyotengeneza chombo: kila mwanya aliouona aliushindilia pamba na kuupaka lami, hata ule wa ukingoni mwa mabati, ambao ndio mlango wa maji kutokea. Mvua ilipokosa njia ikarudi nyuma, ikazifuata mbao, ikanishukia mimi kitandani.

Yangeishia kwenye maneno, yangekuwa ya jirani na jirani. Lakini alfajiri, kabla hata sijatoka kugombana, nilikwisha kumpigia simu Ba Goodson, mwenye nyumba, nikamweleza mengi kuliko niliyoyaona. Sheria zake amezibandika kwenye mlango wa bafu: mpangaji asipigilie msumari, asipake rangi, asiguse paa. Atakayegusa, atahama siku hiyohiyo.

Ba Goodson akafika kicheko hakijakauka, kufuli jipya mkononi. Hakumsalimu mtu. Yolande aliliona kufuli, mikono ikamwanguka kutoka kiunoni. Alivuka kutoka ng'ambo na watoto wawili, na upande huu wa ziwa hana ndugu hata wa kusingizia.

"Mwambie atoe vitu vyake," Ba Goodson akaniamuru kwa Kibemba, maana Kibemba cha Yolande ni cha kununulia samaki tu. "Ameigusa nyumba yangu bila kunijulisha shida yoyote."

Alijulishwa. Mvua za kwanza zilipoanza, mimi mwenyewe nilisimama kati yake na Yolande nikiyavusha maneno kutoka lugha hadi lugha. Yolande alisema paa linavuja, watoto wanalala wameketi. Ba Goodson alicheka, akasema, "Si watu wa mitumbwi hao? Waambie wazibe wenyewe." Nikamfikishia Yolande neno kwa neno. Naye akaenda kumtafuta mtu pekee aliyemfahamu ambaye kuziba ndiyo kazi yake.

Na wiki mbili zilizopita, Ba Goodson aliniahidi chumba cha mbele, kinachotazama barabara, chenye kibaraza cha kukaangia mandazi. Nimekitamani miaka minne.

"Bana Eddy," aliniita kwa jina la mwanangu, taratibu, kama anayembembeleza mbuzi aingie zizini. "Mwambie."

Yolande alikuwa akinitazama midomo. Nimeishi kwa ulimi wangu. Hakuna posa wala talaka ya mtaa huu isiyopitia kinywani mwangu. Sikuwahi kujua kwamba ulimi una uzito.

"Anasemaje, Yaya?"

Nilimgeukia mwenye nyumba.

"Ba Goodson, wewe ndiye uliyesema azibe. Neno lako nililifikisha mimi. Ukimtoa aliyelisikia, nitoe na mimi niliyelibeba."

Kisha Mwaka, mama mzee wa chumba cha kwanza, akasema bila kuacha kumenya muhogo wake, "Hata mimi nilisikia. Ulikuwa umesimama papo hapo, unatafuna muwa wangu."

Ba Goodson akalizungusha kufuli kidoleni. "Chumba cha mbele kina watu wengi wanaokitaka," akaniambia.

"Najua."

"Fundi wa paa atakuja Jumatatu. Mpaka hapo, mtu asiguse kitu." Akalitia kufuli mfukoni, akaenda zake. Hakusema kama amelirudisha au amelihifadhi kwa siku nyingine.

Nilimweleza Yolande yote. Nikafika mwisho, nikaongeza na simu ya alfajiri, ingawa hakuna aliyeniuliza. Akaingia ndani, pazia likaanguka nyuma yake. Nikabaki uani kama mgeni asiyejua mlango wa kubisha. Nilisikia mwiko wake ukisonga bukari, ugali wa kwao, ukiigonga sufuria kwa nguvu kuliko bukari inavyohitaji. Kisha mwiko ukawekwa chini.

Mkono ukalisogeza pazia.

"Inapoa," alisema, macho chini. "Ingia unawe."