Nyundo ya Mwenyekiti Hung

Jino la Mwenyekiti Hung lilitua ndani ya kikombe changu cha chai. Nusura nilimeze. Miaka yote niliyokuwa bawabu wa baraza la mji wetu, hapa kusini mwa Taiwan, nimeona viatu vikiruka, nimeona mjumbe akipigwa kwa sufuria ya wali mpaka ikamvaa kichwani kama kofia ya askari, lakini jino ndani ya chai sikuwahi kuliona. Sasa nimestaafu, na jino hilo ninalo bado. Asiyeamini aje nimwonyeshe.

Aliyeling'oa ni Liao Chun-Tao, muuza nyama ya nguruwe, mwanamke pekee barazani. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, viatu vyake vya mpira vikiwa bado na damu. Alitaka jambo moja tu: fedha za umma zilipie basi la vipimo, lizunguke masokoni na mashambani kuwapima wanawake saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi kabla hawajaanza kuumwa. Hung alizitaka fedha hizo hizo kwa fataki za sherehe ya hekalu.

"Wanawake wetu wana afya tele," alisema Hung. "Hebu mtazameni huyu! Anabeba nguruwe mzima begani."

Wajumbe wakaangua kicheko.

"Mdogo wangu naye alibeba," alisema Chun-Tao. "Alipoanza kutokwa damu alisema atakwenda hospitali msimu wa mananasi ukiisha. Ukaisha, naye akaisha. Nanyi nyote mlileta mashada, makubwa, yenye majina yenu kwa herufi za dhahabu. Mwanamke akifa, fedha za maua hazikosekani. Akiwa hai, mnaniambia hazina ni tupu."

"Kaa chini, mchinja nguruwe we! Kelele zako kapige sokoni."

"Nikikaa, Mwenyekiti, nitakukalia wewe."

Hung akainua nyundo haraka apitishe fataki zake. Kwetu hakuna fedha inayopita mpaka nyundo ya mwenyekiti igonge meza, ndiyo sababu meza ile imebadilishwa mara nyingi kuliko wenyeviti. Kabla nyundo haijashuka, Chun-Tao alikuwa ameruka viti kama moto wa mafuta. Alimkumba Hung kifuani, wote wawili wakaanguka juu ya meza, vikombe vikapasuka. Mjumbe mmoja alimvuta nywele. Chun-Tao alimpiga teke, mjumbe huyo akaenda kukumbatia bendera. Mwingine alimchapa Chun-Tao kwa kipaza sauti, akampasua unyusi, damu ikamfumba jicho. Ngumi moja ya Chun-Tao kwa Hung ndiyo iliyoniletea jino.

Kisha kiwiko cha Hung kikampata Chun-Tao ziwa la kushoto.

Sikuwahi kumsikia akilia vile. Alijikunja, akatia mkono kifuani, na kwa muda uso wake ukawa wa mtu asiyejua yuko wapi. Halafu akarudi, na hasira iliyorudi naye ilinifanya hata mimi nirudi nyuma mpaka mlangoni. Alimpanda Hung mgongoni, akaikamata ngumi yake pamoja na nyundo iliyokuwamo.

"Katibu, soma!"

Katibu, aliyekuwa chini ya meza, alikisoma kifungu cha basi kwa sauti ya mbuzi. Wajumbe waliokuwa bado wamesimama walipiga kelele za ndiyo, wengine kwa imani, wengine kwa kuogopa zamu yao. Chun-Tao akaibamiza ngumi ya Hung mezani. Ko!

Hung alishtaki. Mwanasheria wa baraza alipekua kanuni mpaka jasho likamtoka: nyundo ishikwe na mwenyekiti. Ilishikwa. Mwenyekiti naye ashikwe na nani, kanuni hazisemi.

Basi lilifika asubuhi yenye jua kali, jeupe, likaegeshwa kwenye uwanja wa hekalu. Wanawake wa soko wakajipanga, lakini hakuna aliyepanda.

"Dada Tao! Umetupigania, haya tuongoze!" akaita muuza tofu ya soya. "Au unaogopa watakuta kumbe una moyo kifuani?"

Chun-Tao alikuwa kwenye meza yake ya nyama kando ya uwanja akikata mbavu, unyusi wake ukiwa na kovu jipya. Alikata kwa nguvu, mifupa ikiruka. Ubavu huohuo aliukata tena, na tena, mpaka ukawa uji.

"Binti, nyama imeshakufa," nikamwambia.

Hakunitazama. "Kuna kitu hapa, mjomba," alisema polepole, akijigusa ziwa la kushoto. "Kigumu kama kokwa ya tunda la lichi. Nilikijua kabla ya kikao. Nilidhani nikiwaletea wao basi, mimi balaa litanipita."

Nilinyoosha mkono. Alilitazama panga lake la nyama kama anayeagana na mtu, akanikabidhi, akajifuta vidole kwenye aproni na kuelekea kwenye ngazi za basi.

Mlango ukafungwa. Baada ya kitambo tukasikia sauti yake ikinguruma ndani: "Taratibu wewe! Hata Hung hakunibana hivi!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Muuza tofu alicheka mpaka akajishika kiuno. Mke wa Hung, aliyejificha nyuma kabisa chini ya kofia pana, naye alicheka, ndipo tukamtambua.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Tukangoja asikike tena. Muuza tofu alivua aproni yake, akaikunja vizuri, akasogea mpaka ngazi ya kwanza, na waliokuwa nyuma yake wakasogea. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na panga lile, lililokuwa jepesi mkononi mwa Chun-Tao, lilianza kunilemea.